Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Mume wangu alipofariki, mama yake alipanda kutoka Kasanga akiwa na huzuni yake, na pembeni ya huzuni hiyo akiwa na neno juu ya maharage yangu. Siku ya mazishi hakulisema. Siku ya mazishi alilia kama mama anavyomlilia mwanawe, na mimi nililia pembeni yake, na hakukuwa na maharage kati yetu. Alilisema baadaye, watu walipokuwa wamepungua, tukiwa tumekaa mkekani na wanawake wa jumuiya. Mmoja akauliza kwa upole marehemu aliumwa nini hasa. Nikajibu kwamba ni kifua.

Mama mkwe akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kifua, ndiyo," akasema. "Na maharage mabichi. Mwanangu amekula maharage mabichi tangu aoe."

Wanawake wakainamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa anacheka, niliyaona mabega yake yakitikisika, na sikumchukia. Hata mimi, katikati ya msiba wangu, kulikuwa na kitu kinanitekenya.

Ni kweli kwamba maharage huku kwetu Sumbawanga hayaivi upesi. Kasanga iko chini, ziwani, kuna joto, na ukiinjika maharage asubuhi unakula mchana bila kufikiri. Huku juu kuna baridi na upepo, na sufuria la maharage ni kama mgeni asiyeaga. Kila aliyehamia kutoka mabondeni analalamika. Wengine wanalaumu kuni, wengine mbegu, wengine maji ya bomba. Mama mkwe alimlaumu mpishi. Kila alipokuja kututembelea alichagua punje moja kwenye sahani, akaikata katikati kwa meno ya mbele, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta funza, kisha akazilaza zile nusu mbili kwenye ukingo wa sahani, chali, ili nizione nikija kuondoa vyombo.

Mwaka ulipokaribia kutimia, nilikuwa na haja moja tu. Nilitaka kupika mwenyewe chakula cha misa ya kumbukumbu. Nilimpikia mume wangu muda wote wa ndoa yetu, na nilitaka kumpikia tena mara moja, hata kama watakaokula ni wengine. Sikumwambia mtu jambo hili kwa maneno mengi. Nilimpigia simu mama mkwe na kumwambia siku ya misa.

"Usihangaike na kupika," akasema. "Nitakuja mapema, nitapika mimi. Watu wa kanisani wasije wakaumwa matumbo."

"Mama, naomba nipike mimi."

"Tutaona nikifika."

Wanaomjua wanajua kwamba "tutaona" yake ni hapana iliyovaa nguo za kanisani.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma. Niliishia darasa la saba, na sikuwahi kufikiri nitarudi kukaa kwenye dawati. Sitadanganya kwamba nilikuwa na kiu ya elimu. Nyumba ilikuwa kimya mno jioni. Jirani yangu, kijana wa bodaboda, alikuwa anasoma masomo ya watu wazima ili apate cheti cha kidato cha nne, na siku moja alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu akasema, "Mama, twende ukakae tu. Hata usipoelewa kitu, kule kuna watu." Nikaenda kukaa tu. Baada ya muda nikajikuta naandika.

Tulitumia vyumba vya shule moja ya sekondari, wanafunzi wake wakishaondoka. Tulikuwa watu wazima wa kila namna. Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, mtu mrefu, aliyekaa kwenye dawati kama amelivaa. Kulikuwa na huyo kijana wa bodaboda. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa binti mdogo, tulimwita madamu, naye alitusalimia shikamoo sote mmoja mmoja kabla ya kuanza kutufundisha, jambo lililokula sehemu nzuri ya kipindi.

Mama mkwe alifika siku chache kabla ya misa, na kikapu cha migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao. Alikagua jiko langu. Alinusa gunia la maharage. Alifunua kopo la chumvi, akaligeuza, likatoa chembe mbili.

"Hata chumvi huna," akasema, kwa sauti ya mtu aliyethibitisha jambo.

Alasiri nikaanza kujiandaa kwenda darasani.

"Unakwenda wapi?"

"Darasani, mama."

"Mnafundishwa nini huko?"

Nikamjibu ukweli, kwa sababu sikuona ubaya wake. "Leo tunachemsha maji."

Akakaa chini. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Jamani! Hadi shuleni wameona! Mtu mzima anaitwa afundishwe kuchemsha maji!" Kisha akasimama, akajifunga kanga ya pili. "Nakuja. Hili siwezi kusimuliwa."

Njiani alinunua paketi ya chumvi dukani, akaitia kwenye mkoba wake. Aliniambia ni ya nyumbani.

Madamu alimpokea vizuri. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja kuangalia wanavyochemsha maji."

"Karibu sana," akasema madamu, na kumpa kigoda karibu na meza ya mbele, mahali ambapo sisi wanafunzi wenyewe hatukuruhusiwa kukaa.

Maabara ile haikuwa na gesi. Tulikuwa na jiko la mkaa juu ya matofali, wavu wa chuma, glasi kubwa ya kuchemshia ambayo madamu aliiita bika, na kipimajoto kimoja chenye uzi mwekundu ndani. Madamu alieleza kwamba kila kimiminika safi kina joto lake kinapochemkia, na kikishaanza kuchemka joto hilo halipandi tena hata ukiongeza moto. Ndiyo maana unaweza kukitambua, kama unavyomtambua mtu kwa sauti akiwa nje ya mlango. Siku hiyo tungepima viwili. Cha kwanza maji. Cha pili spiriti, ambayo ilikuwa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa madamu. Aliandika ubaoni: maji, mia, spiriti, sabini na nane.

"Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema," akasema. "Nyie mtaniambia mnachokiona. Msiangalie ubao, angalieni kipimajoto. Na kisiguse chini ya bika."

Kisha mkuu wa shule akamwita ofisini. Madamu akasema anarudi sasa hivi, na akaniachia mimi kipimajoto nikishike, kwa sababu nilikuwa karibu.

Tulianza vizuri. Uzi mwekundu ulipanda kwa bidii, sabini, themanini, tisini. Maji yakaanza kutoa mapovu madogo, kisha makubwa, kisha yakawa yanarukaruka na kelele. Uzi ukafika tisini na nne ukasimama.

Tukasubiri.

"Umesimama," akasema kijana wa bodaboda.

"Ngoja," akasema mfugaji. "Maji ni kama ng'ombe kisimani. Ukimkodolea macho hanywi."

Tukageuza macho pembeni sote, watu wazima, tukatazama dirisha. Tulipogeuka, ulikuwa tisini na nne.

"Mkaa ni mdogo," mtu akasema. Tukaongeza mkaa. Tukapepea kwa daftari la mfugaji. Maji yalichemka kama yamekasirika, yakaruka hadi mezani, lakini uzi haukujali. Kijana wa bodaboda akakigongagonga kipimajoto kwa ukucha, kama anavyogonga geji ya mafuta ya pikipiki yake. "Hii imekufa. Imegoma palepale."

Ubaoni ile mia ilikuwa kubwa, na madamu aliiandika kwa chaki mpya.

Mama mkwe akasogeza kigoda chake karibu na meza. Sasa akauliza, taratibu, "Ni nani anayeshika hayo maji?"

"Mimi, mama."

"Aa," akasema.

Ilikuwa "aa" fupi, lakini darasa zima liliisikia. Akawageukia wenzangu kama anayewatolea siri ya ukoo. "Mkono wake una baridi. Hata maharage hayaivi kwake. Mwanangu aliteseka. Mpeni mtu mwingine ashike."

Sikubisha. Nilimpa kijana wa bodaboda. Tisini na nne. Akampa mfugaji, ambaye alikishika kwa vidole viwili kama mkia wa nyoka. Tisini na nne.

"Bibi," akasema mfugaji, "mimi mkono wangu una joto. Mke wangu anaweza kukuthibitishia."

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Lete hapa," akasema.

Akasimama, akakunja mikono ya blauzi, akakishika kipimajoto kama anavyoshika mwiko. Sote tukasogea. Mvuke ulimpiga usoni, akakunja macho, akainama. Hakuwa na miwani, kwa hiyo kijana wa bodaboda ndiye aliyemsomea.

"Tisini na nne, bibi."

"Soma tena."

"Tisini na nne ileile."

Hakuna aliyesema lolote kuhusu mikono. Mimi niliangalia sakafu, na nakiri kwamba nilikuwa nikiuma shavu kwa ndani.

Mama mkwe akaweka kipimajoto chini polepole. "Maji yenyewe ndiyo mabovu," akasema. "Ni mapooza. Kitu kisicho na ladha kitapata wapi nguvu?" Na kabla hatujaelewa, alikuwa amefungua mkoba, ameng'oa ncha ya paketi kwa meno, na amemwaga kiganja cha chumvi ndani ya bika.

Maji yakafoka. Mfugaji akaruka nyuma na dawati lake. Kisha yakatulia, yakaanza kuchemka upya, na kijana wa bodaboda aliyekuwa amekichukua kipimajoto akapiga kelele, "Tisini na tano!"

Ungedhani timu yetu imefunga bao ugenini. Mama mkwe akamwaga kiganja kingine. "Tisini na sita!" Kingine. Watu wakasimama juu ya viti. Wengine walikuwa wanasema, "Ongeza bibi, ongeza!" Mimi pia nilisema. Nilijua kwamba hili silo tuliloagizwa, lakini niliona uzi unapanda, na muda mrefu ulikuwa umepita tangu nione kitu chochote kikipanda. Tisini na nane. Akaikung'uta paketi nzima, akaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Tisini na tisa. Tukashika pumzi. Kisha kijana wa bodaboda akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Mia."

Mama mkwe akapiga vigelegele.

Madamu aliingia vigelegele vikiwa bado hewani. Alisimama mlangoni akiwa amekumbatia mafaili. "Kuna nini?"

"Mia, madamu!" tukajibu pamoja.

Nilitegemea atafurahi. Badala yake alikunja uso. "Mia? Mia kamili?"

"Kamili, kama kitabu," akasema kijana wa bodaboda.

"Haiwezekani," akasema madamu.

Hapo darasa likaudhika kidogo. Mfugaji akanyoosha mkono mrefu kuelekea ubaoni. "Madamu, si wewe uliyeandika?"

"Niliandika kitabu kinavyosema. Niliwaambia mniambie mnachokiona." Akasogea kwenye bika. Maji yalikuwa yamekuwa machafumachafu, na juu, kwenye ukingo wa glasi, kulikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa kwa kidole, lakini hakuulamba, maana alitufundisha tangu mwanzo kwamba maabarani hakionjwi kitu. Akatutazama. "Kuna mtu ametia kitu humu?"

Kijana wa bodaboda akatazama dari. Mfugaji akaanza kukohoa. Nyuma mtu akafungua daftari na kuanza kusoma kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona kwake.

Madamu akanigeukia mimi. Alikuwa na sababu. Wiki ya kwanza aliuliza nani ameelewa somo, darasa zima likasema tumeelewa, na mimi peke yangu nikanyoosha mkono nikasema sijaelewa hata neno. Tangu siku hiyo alinifanya kama dirisha lake la kuchungulia darasa.

"Mama, hebu niambie wewe."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, akinitazama moja kwa moja. Nilijua sufuria la misa liko ndani ya jibu langu. Ningesema "sijui, madamu," huenda njiani angeniambia, basi pika wewe. Mkamwana hamtaji mama mkwe wake hadharani, hili hata asiyesoma analijua. Nilifungua mdomo niseme sijui. Mdomo ukasema kingine.

"Ni chumvi, madamu. Ametia mama mkwe wangu. Paketi nzima."

"Duh," akasema kijana wa bodaboda.

Madamu akaziba mdomo kwa faili, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Kisha akatueleza, na alieleza vizuri hata mimi nikaelewa. Alisema hewa ina uzito, nasi tunaishi chini yake kama samaki chini ya maji. Ukiwa chini kule pwani, hewa ni nyingi juu yako, inayakandamiza maji, kwa hiyo maji yanahitaji joto la mia ili yaweze kuruka na kuwa mvuke. Huku kwetu Ufipa tuko juu, hewa iliyobaki juu ya vichwa vyetu ni kidogo, maji yanaruka mapema kabla hayajapata moto huo. Tisini na nne ndiyo jibu letu sahihi. Tulikuwa nalo tangu mwanzo. Na chumvi ikiingia kwenye maji inayazuia kuruka, kwa hiyo joto linapanda. Lakini hayo si maji safi tena, na tusingeweza kusema tumepima maji.

"Na Kasanga je?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Kasanga ni chini, ziwani. Labda tisini na saba."

"Kwa hiyo, madamu, maharage..."

"Maharage huku yanapikwa na maji yasiyofika moto wa kutosha," akasema. "Lazima yachelewe. Hata apike nani."

Darasa zima lilimgeukia mama mkwe. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, sitaficha, kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha nikaona anaikunja ile paketi tupu ya chumvi, anaikunja tena na tena, mpaka ikawa ndogo kama kucha, na furaha ikaniishia.

Tulimalizia na spiriti. Madamu aliimimina kidogo ndani ya kijichupa chembamba cha glasi, akakisimamisha ndani ya maji mapya, mbali na moto wenyewe, akatuonyesha jinsi inavyoanza kutoa mapovu mfululizo kama shanga. Ilichemka kwenye sabini na tatu, wala si sabini na nane kama ubao ulivyosema, na safari hii hakuna aliyejaribu kuisaidia. Mfugaji aliuliza kama iliyobaki kwenye chupa hupewa wazee. Madamu akafunga kabati.

Njiani mama mkwe alitangulia mbele. Upepo ulikuwa mkali, kanga yake ilikuwa inapiga kama bendera, na hakugeuka nyuma. Tulipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Umenisema mbele ya watu."

"Mama, aliniuliza."

"Ungenyamaza."

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Ungetazama juu, kama yule wa pikipiki."

Lilikuwa jambo linalowezekana kabisa, na halikunijia. Akaingia ndani. Kutoka chumbani nikamsikia akisema, "Nitapika mimi."

Basi ikawa hivyo. Siku ya misa niliamka mapema nikawasha moto uani, nikateka maji, nikapanga kuni, nikafanya kila kitu ambacho si kupika. Mama mkwe alichambua maharage mwenyewe, akayaosha, akainjika sufuria kubwa la jumuiya juu ya mafiga. Alinifukuza nikalete kuni nyingine, na niliporudi kifuniko kilikuwa kimeshawekwa na juu yake jiwe. Tukaenda kanisani. Alimwacha jirani mmoja alinde moto, na amri kwamba mtu asifunue, hata nyumba ikiungua.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alitaja jina la mume wangu bila kukosea, na nililia kidogo, kwa utulivu, kama nilivyozoea.

Tuliporudi, ua ulikuwa umejaa. Jumuiya yetu ilikuwepo, majirani, watu waliokuwa wakitengenezewa baiskeli na mume wangu, na darasa langu pia lilikuja, madamu akiwa mbele na mfugaji akiwa na chupa ya maziwa. Watu wakakaa kwenye mabenchi. Wali ulikuwa tayari. Mama mkwe akaondoa jiwe, akafunua, akachota punje moja, akaitia kati ya meno ya mbele.

Nilimwona uso ukibadilika. Kisha akaniita kwa kidole.

"Onja. Sema ukweli, si ndiyo kazi yako?"

Nikaonja.

"Yameiva?" akauliza.

"Mama, kuiva sijui. Ulimi wangu haujafika huko. Umezuiwa na chumvi."

Akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

"Umetia kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kufika mia," akasema, kwa hasira kidogo. "Yule binti si alisema mwenyewe? Chumvi inapandisha. Nikapandisha."

Nikamwita madamu. Sikujua la kufanya zaidi ya kumwita. Alikuja, akasikiliza, akachota kwa ncha ya kijiko, akaonja. Machozi yakamtoka. Akaomba maji, akanywa kikombe chote.

"Bibi," akasema, "kwa upande wa sayansi hujakosea."

"Na kwa upande wa chakula?"

"Kwa upande wa chakula, bibi..." Akaomba maji mengine.

Habari ilishafika kwenye mabenchi. Mfugaji akaja kutazama ndani ya sufuria, akaingiza kidole, akalamba, na uso wake ukang'aa. "Mama," akaniambia, "haya msiyamwage. Ng'ombe wangu huwa nawanunulia chumvi. Nitawachanganyia kwenye pumba kidogo kidogo. Watanipenda." Kijana wa bodaboda akamtafutia ndoo. Nakumbuka mwenyekiti wa jumuiya akisimama pale na suti yake, akitazama chakula cha misa kikiondoka kwa pikipiki kwenda kulisha ng'ombe, huku akitafuta maneno ya busara na asiyapate.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa. Alionekana mdogo. Nikamsogelea, nikachuchumaa.

"Mama, watu bado wako. Hakuna aliyeondoka."

Hakunitazama. Akauokota mwiko, akaufuta kwa kanga, akanipa. "Chukua," akasema. "Mlima ni wenu. Pikeni wenyewe."

Nikainjika upya. Niliweka magadi kidogo, nikaacha maji yafanye yanachoweza kwa tisini na nne yake. Tuligawa wali kidogo na migebuka ili watu watulize njaa, na wale waliosema wanakwenda nyumbani mara moja halafu watarudi hawakwenda. Mwenyekiti alitoa hotuba, na alipoona maharage bado, akatoa tena ileile. Mzee mmoja akasimulia jinsi mume wangu alivyowahi kuitengeneza baiskeli yake vizuri kiasi kwamba siku ya kwanza ilimshinda breki ikamwingiza katika shamba la mahindi la mtu. Watu walicheka hadi padri akafuta macho. Kila mmoja akawa na lake. Mengine sikuwahi kuyasikia, na niliyasikiliza nikiwa nimeinama motoni, nikikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

Jua lilikuwa limeshainama mama mkwe alipokuja kukaa karibu yangu, upande wa moshi. Alitazama sufuria muda mrefu.

"Alikuwa anasema?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Alikuwa anasema kwamba ni mabichi? Au ni mimi tu?"

Nilijua jibu analolitaka, nadhani. Nilijua pia kwamba yapo majibu mawili matatu mazuri zaidi ya lile nililokuwa nalo.

"Alikuwa anasema, mama. Karibu kila siku. Alikuwa anasema yakianguka kwenye sahani yanalia kama kokoto."

"Halafu?"

"Halafu anaomba mengine."

Kisha kitu kikamtoka kifuani, mfano wa chafya. "Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Hata uji alisema una mifupa." Mabega yakaanza kumtikisika. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kuni moja ilikuwa imetoka nje ya mafiga inafuka moshi, naye akaisukuma ndani kwa mguu, bila kufunua uso, na mimi sikumwuliza kama anacheka.